Kasia la Cubaka

Kaa hapo penye kivuli, mwanangu, na usininunie. Nimeona ulivyosita nilipokupa mkono wa kushoto, ukajiuliza huyu mama wa Kiislamu amekosa adabu tangu lini. Ndio mkono nilio nao wa kusalimia. Wa kulia utauona, lakini si sasa hivi. Nionyeshe tena hiyo picha.

Haya. Schékinah, binti ya Cubaka. Mara ya mwisho ulikuwa tumboni mwa mama yako Elda, na leo unafundisha Bujumbura, una miwani na mkoba wa kompyuta. Unaniambia wewe na wenzako mnataka kutundika picha za marehemu mume wangu Hakimu, mlizozikusanya majumbani mwa watu, katika ukumbi huko mjini, lakini mmegombana. Nusu wanasema picha zile zilikuwa uchokozi wa zamani, muda wake umekwisha, leo hazimwambii mtu kitu. Nusu wanasema bado zinasema. Na katikati ya ugomvi huo ukaikuta hii ndani ya Biblia ya baba yako, wiki mbili baada ya kumzika: baba yako mwenyewe, kavaa koti la kijeshi, kasimamisha bunduki ubavuni. Ukapanda busi mpaka Rumonge. Swali la picha kuwa na maana au kutokuwa nayo umelitanguliza kwa heshima tu. Lililokuleta ni hilo jingine, kama baba yako aliua watu. Mimi nitayajibu yote mawili pamoja, na usinikatize.

Hakimu alikuwa na kichwa kigumu, nasema hivyo mimi niliyekaa naye miaka kumi na mitatu. Studio yetu ilikuwa chumba hiki hiki cha mbele. Zamani kila studio ilikuwa na nguo zake za kuazimisha: koti la suti, tai moja, viatu vya namba kubwa ili vimwenee kila mtu. Mtu anatoka shambani kwenye michikichi na kaptula yake, kwenye picha anaonekana karani. Wapiga picha wote walifanya hivyo kumfurahisha mteja. Hakimu akaligeuza jambo. Mwaka wa tisini na mbili, siasa za vyama zilipoanza kuwapandisha watu joto na kila mtu kuulizwa ni wa upande gani, yeye akaanza kuwavika watu nguo za watu wasiowapenda.

Muuza nyama mmoja tajiri alimvika matambara, akamshikisha jembe. Karani wa komini, ofisi ya serikali ya hapa, aliyezoea kuwafokea akina mama sokoni alimpiga picha akiwa peku, kikapu cha samaki wa ndagala kichwani. Binti wa imamu alimvika kitambaa cha masista, na mke wa katekista alimvika ushungi wangu mimi. Wote walikubali, wakidhani ni mzaha wa ndani. Kumbe bwana akazitundika mlangoni Ijumaa watu wakitoka msikitini, akaziacha mpaka Jumapili watu watoke misa. Weee, mtaa wetu wa Waswahili haukutosha siku hiyo. Imamu alikuja, watu wa parokia wakaja, na mkubwa mmoja wa serikali akamwita Hakimu akamtia makofi mawili, akamwambia azitoe. Akazitoa. Juma lililofuata akazitundika tena, zikiangalia ukutani. Watu wakawa wanakuja kuzigeuza wenyewe.

"Ukimpiga mtu picha alivyo, hajioni," aliniambia. "Mvike asichokuwa, atashtuka."

Nikamwambia watu wakishtuka sana hupiga. Akacheka, akaingia chumba cha giza.

Baba yako alikuwa mvuvi wa Minago, Mkongomani aliyevuka ziwa kutafuta maisha, mpole kupita kiasi. Alikuja studio na kasia lake begani kwa sababu aliogopa kuliacha nje likaibiwa. Hakimu alipomwona tu, macho yakamwaka. Akamvika koti refu la kijani lililotoka kwenye robota za nguo kuukuu za Ulaya, lenye vifungo vya shaba. Akamsimamisha wima, kasia ubavuni, ile sehemu pana chini na mpini juu. Akampiga. Picha ilipokauka akanisukumia mezani.

"Mama Wema, lifanye hili kasia liwe bunduki."

Maana mimi ndiye niliyekuwa nafanya ritushi. Chunusi, kovu, jicho lililofumba, vyote vilipita kwenye brashi yangu. Nilikuwa na brashi yenye manyoya matatu tu, nikiweza kumpa bibi arusi kope moja moja. Sasa nilichora bunduki. Ile sehemu pana ya kasia ikawa kitako, mpini ukawa mtutu. Mimi bunduki nilikuwa nimeiona mabegani mwa wanajeshi wakipita barabarani, na nani aliyethubutu kuitazama vizuri? Nilichora ya kukumbuka. Halafu Hakimu akaipiga picha ile picha iliyochorwa, ili rangi isiweze kufutika wala kuonekana, na kutoka hapo akamtolea baba yako hiyo uliyoishika. Sugua kwa mate, sugua kwa sabuni, bunduki haitoki. Tulicheka sana siku ile, na baba yako alicheka kuliko sisi. Alisema huko Minago sasa watamwogopa.

Basi, mwaka uliofuata vita vikaja.

Sitakuhadithia vita vyote, hujaja kwa hilo. Nitakwambia hofu ilivyokuwa. Wanajeshi walikuwa mjini na barabarani, waasi milimani, na sisi tulikuwa katikati kama ndagala kwenye wavu. Ukisikia busi limechelewa kutoka Bujumbura, hukuuliza. Hakimu alipanda busi asubuhi moja ya mwaka wa tisini na sita kwenda kutafuta karatasi za picha. Kabla ya Magara busi likapigwa risasi kutoka kwenye migomba. Waliniletea kamera yake na kiatu kimoja. Nilimlilia, na nilimkasirikia pia. Nilimkasirikia kwa sababu aliniachia nyumba iliyojaa picha za watu wakiwa wamevaa wasichokuwa.

Maana fikiri. Wakati wa amani, mtu akivaa nguo za mwingine anachekwa. Wakati wa vita anauawa. Wanajeshi walipoanza kupekua nyumba kwa nyumba, picha zikawa mashahidi. Mtu aliulizwa huyu uliyesimama naye ni nani, yuko wapi sasa. Watu walizifukia albamu zao chini ya vitanda, wengine walikata vichwa vya ndugu zao kwa mkasi. Usiku sikulala, mchana sikula. Nilikuwa na mwanangu Wema wa miaka saba na mama mkwe wangu, Bi Aziza, asiyeona na asiyeweza kutembea hata hatua kumi. Chini ya meza ya ritushi nilikuwa na makopo manne ya negativu, zile filamu za kutolea picha. Kazi yote ya Hakimu ilikuwa humo. Kila buti lilipopita barabarani, niliyafunika tena kwa kanga.

Jumatano moja ya mwaka wa tisini na saba nikasikia wameanza kupekua Minago. Sikusubiri. Nilichukua pipa ambalo jirani yangu Zainabu alikuwa akipikia mawese, nikalitia makopo yote manne, nikawasha. Filamu inanuka vibaya inapoungua, inakaba koo. Bi Aziza alikuwa amekaa mlangoni. Akasema, "Mwanahamisi, unamuua mwanangu mara ya pili." Nikakoroga majivu mpaka nikaona hakuna hata kipande.

Jumamosi asubuhi mama yako akaingia hapa. Alikuwa na mimba yako ya miezi saba na alikuwa ametembea kutoka Minago kwa miguu, kwa sababu baiskeli zote zilikuwa zimechukuliwa. Hakuamkia hata.

"Mama Wema, banamushika Cubaka. Banamushika tangu juzi, juu ya ile picha."

Alikuwa ameitundika ukutani mwa nyumba yake, mjinga yule mpole, miaka mitano, juu ya kitanda. Wanajeshi walipoingia hawakutafuta tena kitu kingine. Walimpeleka kwenye pozisyo yao, kambi ndogo waliyoiweka katika ghala la zamani la mawese pale juu ya barabara, wakawa wanamuuliza neno moja tu: bunduki iko wapi. Amesema ni kasia. Wamempiga. Amesema ni mchoro. Wamempiga zaidi, kwa sababu sasa ameonekana anawadhihaki. Wamemwambia Elda kwamba wakati wa adhuhuri, kama bunduki haijapatikana, watakwenda kuitafuta pamoja naye kwenye michikichi. Watu walikuwa wakipelekwa kwenye michikichi, mwanangu. Hakuna aliyerudi.

"Iko ile filamu ya kwanza," mama yako akasema. "Ile yenye kasia. Tubaonyeshe hiyo, batabona."

Nilimwangalia Elda, nikaangalia pipa pale uani, halafu nikamwambia. Nilimwambia mara moja, sikuzunguka, kwa sababu kama ningezunguka ningedanganya. Hakulia. Aliketi chini sakafuni, akashika tumbo lake kwa mikono miwili na kusema, "Basi baba ya mutoto amekufa."

Naapa nilitaka kubaki nyumbani. Usiniwekee ushujaa ambao sikuwa nao. Nilijiambia mimi ni mjane, nina mtoto na kipofu, nikienda kule kusema bunduki ni yangu watanishika mimi pia. Nilijiambia hata nikienda sina ushahidi. Lakini bunduki ile ilikuwa imetoka kwenye mkono wangu, na mtu alikuwa akivunjwa mbavu kwa ajili yake wakati mimi nimekaa hapa. Nilifunga brashi zangu na wino mweusi katika kitambaa, nikamwambia Elda amwangalie Wema, nikatoka.

Kutoka hapa mpaka kwenye ghala lile si mbali, lakini siku ile niliona barabara haina mwisho. Kila mlango ulikuwa umefungwa. Niliwaona watu wakinichungulia kupitia nyufa, na hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Kwenye kizuizi mwanajeshi alinielekezea mtutu kifuani, akaniuliza nimebeba nini. Nikafungua kitambaa. Alizitazama brashi, akazinusa, akaniruhusu. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliiona bunduki karibu, na bado sikuitazama. Nilitazama vidole vyake.

Mkubwa wao alikuwa luteni kijana, msafi, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amekaa nyuma ya meza yenye kioo juu, na picha ya Cubaka ilikuwa mbele yake.

"Amahoro, mama. Keti. Umeleta bunduki?"

"Nimekuja kukwambia hakuna bunduki. Hiyo niliichora mimi."

Hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Aliuliza kwa utaratibu. Nani aliipiga picha? Mume wangu, na nilipokwisha kuchora akaipiga tena, ndiyo maana haifutiki. Yuko wapi? Amekufa kwenye busi. Negativu iko wapi? Nimeichoma. Lini? Jumatano. Akaacha kuandika.

"Tulianza kupekua Jumatano."

"Ndiyo maana niliichoma. Niliogopa."

"Mtu asiye na kitu anaogopa nini?"

Nyuma ya ukuta wa mbao mtu alikohoa, kikohozi cha majimaji, nikajua ni Cubaka. Nikafungua kitambaa changu juu ya kioo chake kabla hajaniambia niondoke.

"Nipe picha yoyote ya mtu aliyeshika kitu. Nitaichora tena mbele yako."

"Hapa si studio ya—" akaanza, halafu akanyamaza, kwa sababu wote wawili tuliangalia mahali pamoja. Chini ya kioo cha meza yake palikuwa na picha moja tu: mama mzee amesimama mbele ya nyumba ya bati, amevaa mavazi ya sikukuu, mkononi ameshika fimbo ya kutembelea. Alikuwa na pua ile ile ya luteni. Nilidhani sasa nimekwisha. Mwanajeshi aliyekuwa mlangoni akasogea. Luteni akakinyanyua kile kioo, akaitoa picha ya mama yake na kuiweka mbele yangu.

"Chora."

Brashi ya ritushi huloweshwa kwa ulimi, ndivyo tulivyofundishwa, mate hulainisha wino. Nilitia brashi mdomoni nikakuta mdomo umekauka kabisa. Hakuna hata tone. Nikaomba maji kama mtoto, wakaniletea ndani ya kikombe cha bati. Nikailowesha brashi humo, nikaanza. Nilianza na kitako chini kwenye mguu wa yule mama mzee, nikapanda na ile fimbo, nikaweka mbao, nikaweka chuma, nikaweka mtutu. Sikuichora kama bunduki. Niliichora kama nilivyoichora mwaka wa tisini na mbili, mkono wenyewe ulikumbuka. Nilipomaliza, mama wa luteni alikuwa mpiganaji.

Luteni akaziweka picha mbili sambamba. Akainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa kioo. Aliangalia hii, akaangalia ile, akarudi kwenye hii. Nikamsikia anapumua kwa pua. Halafu akaniuliza, taratibu sana:

"Mama, gasheti iko wapi?"

Sikulijua neno hilo. Akachukua bunduki ya yule wa mlangoni, akanionyesha kile chuma kidogo kilichojikunja chini, mahali pa kidole, kile kinachovutwa ili risasi itoke. Akanionyesha na duara la chuma linalokizunguka. Kwenye picha yangu hapakuwa na kitu. Kwenye picha ya Cubaka vilevile. Palikuwa pamenyooka tu, laini, kama mpini wa kasia. Miaka mitano bunduki ile ilikuwa imetundikwa ukutani bila mahali pa kuwekea kidole, na mimi niliyeichora sikujua kama bunduki inahitaji.

Akawaita watu wake, wakaja sita.

"Mumemupiga huyu mtu siku tatu juu ya bunduki hii," akawaambia. "Nani kati yenu aliiangalia?"

Mmoja alianza kucheka, wa pili akafuata, na mwisho wote walikuwa wakicheka mpaka wakashika kuta, na luteni naye anajifuta macho. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Kicheko kilinitoka chenyewe kama kwikwi.

Wakamtoa baba yako. Walimshika wawili, miguu ilikuwa haimbebi, na uso wake sikuutambua mpaka aliposema. "Nilibaambia, Mama Wema. Nilibaambia iko kasia." Luteni akamrudishia picha yake mkononi, kama mtu anavyorudishiwa kitambulisho, akamwambia aende. Cubaka akaipokea kwa mikono miwili na kushukuru, murakoze. Wakamtoa nje.

Nami nikainuka.

"Wewe, mama, keti kidogo."

Alikuwa bado anaziangalia kazi zangu. Alilowesha kidole gumba, akaufuta mtutu kwenye picha ya mama yake. Wino ukatoka, ukaacha wingu la kijivu. Akaacha kufuta. Na hapo, mwanangu, nililiona wazo likimjia. Ninakwambia nililiona kwa macho yangu, kama unavyoona mtu akikumbuka jina. Uso wake ukatulia. Akachukua brashi yangu mwenyewe, akaichovya, na pale kwenye kile kipande cha bunduki kilichobaki, chini ya mkono wa mama yake, akachora gasheti. Alichora vibaya, mkono wake ulikuwa mzito, lakini niliona namna.

"Inakaa hapa," akasema. "Umeona? Sasa iko bunduki."

Akafungua droo, akatoa bahasha ya kaki na kuimwaga mezani. Zilikuwa picha walizozichukua kwenye nyumba za watu. Wanaume wa Minago na wa hapa mjini, wamesimama wima, mikono ubavuni, mmoja ameshika redio, mmoja mwamvuli, mmoja baiskeli. Nyingi zilikuwa na mhuri wa studio yetu nyuma. Niliwajua. Mmoja alikuwa Bakari aliyetutengenezea mlango huu.

"Wewe ufanye tu pale penye mkono. Kisha upige tena picha, kama mume wako alivyofanya, zisifutike. Jumatatu uje na kamera yake."

Nikamuuliza zitafanyiwa nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Mama, umeokoa mtu mumoja leo. Usianze kuuliza."

Nilirudi nyumbani kana kwamba luteni anatembea pamoja nami. Elda alikuwa ameshampata mumewe njiani na wamekwenda, nilimkuta Wema peke yake na bibi yake. Kukimbia nilifikiria. Lakini kutoka komini kulihitaji karatasi iliyosainiwa na hao hao, na Bi Aziza ningembeba vipi, na wakinikosa wangemuuliza nani? Kukataa nilifikiria. Ukiwakataa wanakuweka ndani ya bahasha. Nilifikiria kuchora bila gasheti, niwakoseshe. Lakini alikuwa ameniketisha na kunionyesha, na jicho likishaona haliwezi kusahau. Usiku kucha nilichora mabunduki kichwani, na kila moja lilitoka sahihi. Nilikuwa nimejifunza, na hilo ndilo lililonitoa jasho.

Jumapili asubuhi Zainabu alikuwa anapika mawese uani katika lile pipa nililochomea filamu Jumatano. Mawese yalikuwa yanatokota, mekundu, yanarukaruka. Alikwenda ndani kuchukua kata. Nikasimama pale. Nilisema bismillahi, na nilimlaani Hakimu, vyote kwa pumzi moja, halafu nikautia mkono wa kulia mpaka hapa.

Haya, sasa utazame. Usigeuze uso. Vidole hivi vitatu vilishikana, na hiki hakina hisia. Kwa watu nilisema niliteleza. Zainabu hakuja kupika tena uani kwangu. Jumatatu mimi sikwenda, na Jumanne luteni alikuja mwenyewe. Alisimama pale mlangoni ambapo Hakimu alikuwa akitundika picha. Nilikuwa nimelala mkekani nimefungwa majani ya mgomba. Aliuangalia mkono kama alivyoiangalia ile bunduki, akiinama, bila haraka.

"Pole, mama," akasema.

Alijua. Nami nilijua kwamba amejua. Nilikuwa nasubiri amri yake, na Wema alikuwa amejificha nyuma ya bibi yake. Akageuka akaenda, na akaichukua kamera ya Hakimu iliyokuwa kwenye msumari. Baada ya mwezi mmoja walimhamisha. Wazazi wako walikuwa wameshavuka ziwa, na wewe ulizaliwa ng'ambo. Kati ya wale wanaume wa kwenye bahasha, wanne sikuwaona tena. Bakari ni mmojawapo. Huenda walikimbia, wengi walikimbia siku zile. Najiambia hivyo.

Kwa hiyo baba yako hakuua mtu. Kwa nini aliitunza picha hii, na ndani ya Biblia, sijui. Labda ilikuwa karatasi pekee duniani iliyothibitisha kwamba aliachiwa.

Na hilo swali lako jingine. Mnajadiliana kama uchokozi wa Hakimu bado una kazi leo, huku mmekaa kwenye viti. Hakimu alitaka watu washtuke wajione. Walichoona wanajeshi ni koti na bunduki, wakaenda kuvunja mbavu za mvuvi. Alikosea juu ya watu, lakini juu ya picha hakukosea. Tundikeni zote. Hii ya baba yako iwekeni chini, usawa wa macho, mtu aweze kusogeza uso, na msiandike chochote pembeni. Hesabuni ni wangapi watauliza gasheti iko wapi.

Mimi macho bado ni mazima. Mjukuu wangu huniletea simu yake: Bibi, tazama, huyu amekamatwa, huyu ni muuaji, tazama silaha aliyoshika. Ananiambia siku hizi hakuna brashi, mashine inachora yenyewe. Huwa ninaiomba hiyo simu. Naivuta picha kwa kidole cha kushoto mpaka mkono wa yule mtu unaenea kioo chote, na natafuta pale mahali. Kila mara gasheti ipo, imechorwa vizuri, inapotakiwa. Mimi luteni alinifundisha siku moja tu. Sijui tangu wakati ule amewafundisha wangapi.